Peugeot 504 au saluni ya leo: Lipi lafaa barabara za Kitale na Bungoma?

KATIKA boma kadhaa kati ya Kitale na Bungoma, chini ya mparachichi au nyuma ya ghala la mahindi, lingalipo gari la zamani aina ya Peugeot 504. Rangi imefifia, magurudumu yameishiwa pumzi na kuku wamepata mahali pa kutagia kwenye kiti cha nyuma. Nambari yake ya usajili ni ile ya herufi tatu na tarakimu tatu, ya kabla ya mfululizo wa KAA ulioanza mwaka 1989. Mzee aliyelinunua kwa fedha za mahindi, miwa au kahawa huenda ameshaaga dunia.

Mbele ya nyumba hiyo hiyo limeegeshwa gari la mwanawe: Toyota Axio iliyoshushwa bandarini Mombasa ikiwa imetumika Japani kwa miaka kadhaa, inayong'aa, yenye gia zinazojibadili zenyewe na kifaa cha kupoza hewa.

Baina ya magari hayo mawili huzuka mjadala usiokwisha. Wazee husema magari ya siku hizi ni mabati matupu. Vijana hujibu kwamba gari la zamani ni mdomo unaokunywa petroli. Nyuma ya utani huo kuna uamuzi mzito ambao familia nyingi hulazimika kuufanya: je, gari la baba liuzwe kama chuma chakavu, lifufuliwe lirudi barabarani, au lihifadhiwe kama kumbukumbu? Na anayetafuta gari la kupelekea watoto shule na wagonjwa hospitalini, afuate sifa zipi?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Ili kujua ni wapi kipya ni kinyemi na ni wapi ni kidonda, yafaa magari haya yalinganishwe sifa baada ya sifa.

Gari lililojijengea jina

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Mwaka uliofuata ilitawazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Zaidi ya magari milioni tatu ya aina hiyo yaliundwa. Utengenezaji wa saluni hiyo ulikoma Ufaransa mwaka 1983, lakini katika bara la Afrika 504 ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye, Kenya na Nigeria zikiwa miongoni mwa vituo vya mwisho.

Sifa za Peugeot humu nchini zilitokana kwanza na mashindano ya Safari Rally. Mtangulizi wake, Peugeot 404, alishinda mashindano hayo miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, matope yalikuwa mabaya kiasi kwamba ni magari saba pekee yaliyofika mwisho. Peugeot 504 nayo ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa. Kwa mkulima wa Trans Nzoia aliyejua jinsi udongo wa mashamba yake unavyokuwa mwezi wa Mei, hakukuwa na tangazo la biashara lililoweza kushinda hilo.

Kisha likaja gari la abiria. Peugeot ya mwili mrefu, yenye safu tatu za viti, ndiyo iliyowasafirisha walimu, wafanyabiashara na wanafunzi kati ya miji ya magharibi na Nairobi kabla ya magari ya viti 14 kutawala. Watu waliliita "Pijo", na aliyepanda Pijo alihesabiwa kuwa na haraka na pia kuwa na uwezo. Kanuni za uchukuzi za waziri wa wakati huo, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilidai mikanda ya usalama kwa kila abiria na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na magari mengi yaliyokuwa yamechakaa yakashindwa kutimiza masharti hayo. Leo, katika vituo vya Kitale, Webuye na Bungoma, nafasi ya Pijo katika safari fupi imechukuliwa na Toyota Probox.

Upande wa pili wa ulinganisho huu kuna Toyota Corolla, jina ambalo kwa hakika ni kongwe kuliko 504, kwa kuwa Corolla ya kwanza iliuzwa mwaka 1966. Axio, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2006, ni kizazi cha ukoo huo. Ndiyo maana itatumika hapa kama mfano wa saluni ya kisasa ambayo Mkenya wa kipato cha wastani humudu kuinunua.

Barabara ndiyo hakimu

Barabara kuu ya kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, na kutoka hapo hadi Bungoma, ni ya lami. Lakini wengi hawaishi kando ya lami. Lazima waiache na kushika njia za udongo za kuelekea vijijini, hasa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Hata kwenye lami yenyewe kuna matuta mengi, na baada ya mvua mashimo hayakosi.

Hapa 504 ilikuwa na ubora wa dhahiri. Springi zake zilikuwa ndefu na laini, na magurudumu yake yaliweza kupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa bila mwili wa gari kupata kishindo. Gari la mwili mrefu lilikuwa na akseli moja ngumu nyuma na springi nne badala ya mbili, ili libebe mzigo bila kuketi chini. Aidha, magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma gari, hivyo kadiri mzigo ulivyoongezeka nyuma ndivyo yalivyozidi kushika ardhi wakati wa kupanda mlima.

Axio iliundwa kwa ajili ya miji ya Japani. Tumbo lake liko takribani sentimita 15 kutoka ardhini likiwa tupu. Abiria watano na gunia la mahindi wakiingia, kipimo hicho hupungua na tuta lolote huanza kukwaruza. Magurudumu ya mbele ndiyo huvuta gari. Jambo hilo husaidia kwenye utelezi gari likiwa jepesi, lakini buti likijaa uzito hurudi nyuma na magurudumu ya mbele hupoteza mshiko mlimani. Shokapu na mipira ya kushikilia magurudumu huchakaa haraka katika njia za aina hii.

Katika sifa hii, basi, wazee wana haki. Kwa njia mbaya na mzigo, gari la kale liliundwa kwa kufikiria barabara kama zetu. La kisasa halikuundwa hivyo.

Injini na hewa ya mlimani

Kitale iko takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nayo Bungoma mita 1,400 hivi. Tofauti hiyo si jambo la jiografia tu. Huathiri namna injini inavyopumua.

Injini ya 504 ya petroli, ya lita 1.8 mwanzoni na lita 2.0 baadaye, kwa kawaida ilitumia kabureta. Ndani ya kabureta, hewa hupita kwenye koo jembamba na kuvuta petroli kupitia tundu dogo lenye ukubwa usiobadilika. Mtu akipanda mlima, hewa huwa nyepesi lakini tundu hubaki lile lile. Matokeo ni mchanganyiko wenye petroli nyingi kuliko hewa inayohitajika kuichoma: moshi mweusi, plagi zenye masizi na tangi linaloisha kabla ya wakati. Mafundi wa Kitale walijifunza kuweka tundu dogo zaidi. Hata hivyo, gari lililorekebishwa hivyo likiteremka hadi Mombasa hukosa petroli ya kutosha katika mchanganyiko wake na kuanza kupata joto.

Axio haina kabureta. Vitambuzi hupima hewa inayoingia na hewa chafu inayotoka, na kompyuta huamua kila mara ni petroli kiasi gani inyunyizwe. Kitale au Mombasa, hesabu hufanywa upya bila fundi kugusa chochote.

Ni kweli kwamba injini zote mbili hupungukiwa na nguvu kwenye mwinuko, kwa makadirio ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Injini ya Axio ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi karibu 110 usawa wa bahari hubaki na takribani 90 mjini Kitale. Ile ya 504 ya lita 1.8, iliyokuwa na nguvu za farasi karibu 80, hubaki na 65 hivi. Injini ndogo ya leo, basi, hutoa nguvu zaidi kuliko kubwa ya jana.

Tofauti huonekana mbele ya pampu ya mafuta. Peugeot 504 ya petroli iliyo katika hali nzuri hutumia takribani lita 10 hadi 12 kwa kila kilomita 100. Axio hutumia lita 6 hadi 7 katika safari za kawaida. Kwa mtu anayesafiri kilomita 1,000 kwa mwezi, pengo hilo ni lita 40 hadi 50, na kila anayejua bei ya petroli anaweza kumalizia hesabu hiyo mwenyewe.

Kuna suala jingine ambalo wanaofufua magari ya zamani hulisahau. Injini za miaka hiyo ziliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi, ambayo pamoja na kuongeza ubora wa mafuta yalilinda makalio ya vali yasilike. Kwa kuwa risasi hiyo iliharibu akili za watoto na afya ya umma, nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006, katika kampeni iliyoongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani kuiacha, mwaka 2021. Gari lililolala tangu miaka ya tisini kwa hiyo linafaa kukaguliwa vali zake kabla ya kupewa safari ndefu.

Fundi wa nyundo na fundi wa kompyuta

Sifa kuu ya 504 pengine haikuwa nguvu bali urahisi wa kutengenezwa. Ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unafika. Gari likikataa kuwaka, fundi wa jua kali alisugua pointi kwa kipande cha msasa, akasafisha plagi, akapuliza tundu la kabureta kwa mdomo na safari ikaendelea. Betri ikifa, watu wanne walisukuma na gari likawaka.

Hata ukarabati mkubwa uliwezekana mashinani. Silinda za 504 zilikuwa mikebe ya chuma inayochomolewa, ikizungukwa na maji ndani ya injini. Zikichakaa, fundi hutoa mikebe na pistoni za zamani na kutia mpya, bila kupeleka injini kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Ndiyo maana gari moja liliweza kufufuliwa mara tatu au nne na kurithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Injini ya Axio ni ya alumini na kuta za silinda zake ni nyembamba. Haikukusudiwa kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Ikichakaa kabisa, kwa kawaida wenye magari hununua injini nzima iliyotumika kutoka Japani. Kwa upande mwingine, injini hiyo ikibadilishwa mafuta kwa wakati huweza kwenda mamia ya maelfu ya kilomita kabla ya kufikia hali hiyo, jambo ambalo 504 haikuweza bila kufunguliwa.

Udhaifu mkubwa wa saluni ya kisasa ni kwamba haivumilii kubahatisha. Taa ya injini ikiwaka, fundi huhitaji mashine ya kusoma hitilafu na elimu ya kuitafsiri. Gia zake zinazojibadili hutumia mafuta maalumu, na fundi anayetia mafuta ya kawaida kwa kuwa ni rahisi huiua giaboksi polepole. Gari la gia hizo halisukumwi likawaka.

Vipuri navyo vimegeuza mizani. Vya Axio hupatikana kwa urahisi Kitale na Bungoma. Vya 504 hutafutwa Nairobi, hasa katika maduka ya Kirinyaga Road, au huchopolewa kwenye magari mengine yaliyokufa. Na fundi mzee anayejua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini anazidi kuadimika, kwa kuwa vijana wanaojifunza kazi hiyo leo hujifunzia Toyota.

Chuma kigumu hakimlindi abiria

Hoja inayorudiwa sana ni kwamba magari ya zamani yalikuwa ya chuma halisi, hivyo yalilinda watu. Hoja hii ndiyo hatari kuliko zote, kwa sababu huonekana kuwa na mantiki ilhali ukweli ni kinyume chake.

Gari linapogonga kitu, nguvu ya mgongano haipotei. Lazima ipokewe na kitu fulani. Katika gari la kisasa, sehemu ya mbele huundwa makusudi ikunjamane na kuimeza nguvu hiyo, huku chumba cha abiria kikiwa kigumu kisivunjike. Bati linaloonekana kuwa jepesi lina kazi yake. Katika magari mengi ya kale, nguvu hiyo ilisafiri hadi ndani na kupokewa na vifua na miguu ya waliomo.

Mwaka 2009, taasisi ya bima inayoshughulikia usalama wa barabarani nchini Marekani ilifanya jaribio lililomaliza ubishi. Iligonganisha Chevrolet Bel Air ya mwaka 1959, gari kubwa la chuma, na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja likienda takribani kilomita 64 kwa saa. Ndani ya Malibu, mwanasesere aliyekaa kwenye kiti cha dereva alipata jeraha dogo la mguu. Ndani ya Bel Air, chumba kiliporomoka, usukani ukasukumwa kuelekea kwa dereva na watafiti wakahitimisha kwamba mtu angefariki.

Peugeot 504 ni ya kizazi cha baada ya Bel Air na kwa wakati wake ilisifiwa kwa breki zake za diski mbele. Hata hivyo haina mifuko ya hewa, na nyingi hazina mikanda kwa abiria wa nyuma. Axio ina mifuko ya hewa mbele na breki zinazozuia magurudumu kukwama, ambazo humwezesha dereva kukwepa ng'ombe au mwendesha bodaboda hata anapokanyaga breki kwa nguvu zote. Katika nchi ambako zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani kila mwaka kati ya 2021 na 2024, hilo si jambo la anasa.

Lakini usalama huo upo tu ikiwa vifaa vyenyewe vipo. Magari yaliyowahi kupata ajali huweza kuuzwa yakiwa hayana mifuko ya hewa, taa ya onyo ikiwa imezimwa kwa ujanja. Isitoshe, Corolla nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa miongoni mwa mamilioni ya magari duniani yaliyoitwa kiwandani kwa sababu ya mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ambayo kadiri inavyozeeka huweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Mnunuzi anapaswa kuchukua nambari ya chesisi na kuuliza iwapo gari hilo lilirekebishwa. Vilevile mtoto asiyefungwa mkanda hapati faida yoyote ya uhandisi wa Japani.

Hesabu ya mfuko

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa mfano, mwaka 2025 yaliruhusiwa yale yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia 2018. Ushuru wa forodha, uliopandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, hujumlishwa na ushuru wa bidhaa, kodi ya ziada ya thamani na ada nyinginezo. Injini isiyozidi lita 1.5 hutozwa ushuru wa bidhaa wa kiwango cha chini, na hiyo ni sababu moja ya Axio kupendwa.

Gari la baba, kwa upande wake, halina bei ya kununua, na hapo ndipo mtego ulipo. Breki, mipira, redieta, nyaya, magurudumu na rangi vikijumlishwa, gharama ya kulifufua huweza kupita bei ambayo mtu yeyote atakubali kulinunulia. Kampuni nyingi za bima pia husita kutoa bima kamili kwa gari kuukuu, zikitoa ile ya kufidia watu wengine pekee.

Kuna jambo moja ambalo halifai kuahirishwa, liuzwe au lihifadhiwe. Ikiwa stakabadhi za umiliki zingali kwa jina la marehemu, gari ni sehemu ya mirathi. Familia inapaswa kupata hati ya usimamizi mahakamani na kubadilisha umiliki kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Kuliuza kimya kimya kwa mfanyabiashara wa vyuma vikuukuu kumegombanisha ndugu si mara moja.

Uamuzi

Kwa safari za kila siku zenye abiria, watoto na mwendo wa barabara kuu, saluni ya kisasa inashinda. Inashinda kwa usalama kwanza, kisha kwa mafuta. Anayeinunua akumbuke kwamba ushindi huo unategemea matunzo: mafuta sahihi ya giaboksi, fundi mwenye mashine, mifuko ya hewa iliyohakikiwa na mzigo usiozidi.

Peugeot 504 inashinda kwa uvumilivu wa barabara mbaya na kwa kutengenezeka popote. Anayependa kuihifadhi hana haja ya kuona haya. Tangu 2003 magari ya enzi hiyo yamekuwa na mashindano yao humu nchini, Safari Rally ya magari ya kale. Aifufue kwa kuanzia na breki, usukani na magurudumu kabla ya rangi, afunge mikanda katika kila kiti, na aitumie kwa safari fupi, mchana, kwa mwendo wa utaratibu. Asiirudishe kamwe katika kazi ya kubeba abiria.

Mzee aliyeinunua Pijo hakuinunua kwa sababu ilikuwa ya zamani. Kwa wakati wake ilikuwa gari jipya kabisa, lililomfikisha alikokwenda na kumrudisha nyumbani salama kuliko mengine yaliyokuwepo. Anayechagua gari leo kwa kipimo hicho hicho hajamvunjia mzee heshima.